Skuta ya umeme Mombasa: mtaa huuliza mwendo, jibu liko kwenye bawaba

Skuta ya umeme ya kukunja ikiegeshwa mbele ya duka pale Digo Road haikosi watu. Maswali huja kwa mpangilio uleule: inakimbia kiasi gani, chaji moja inafika wapi, na ni kweli huwaka moto? Kijana wa bodaboda huongeza la kejeli, kwamba hicho ni chombo cha kuchezea watoto. Mzee wa barazani huuliza ikinyesha itakuwaje, na hilo ndilo swali zuri kuliko yote. Kisichoulizwa na mtu ni bawaba, pale chini mti wa usukani unapokunjikia.

Tunayoipima hapa ni skuta ya aina ya M365 ya Xiaomi. Ilitoka mwishoni mwa 2016, ikaigwa na viwanda vingi mno, hata leo skuta yoyote utakayoonyeshwa dukani, iwe na jina gani, huenda ina umbo lake. Uzito ni kilo 12.5. Mota ya wati 250 imo ndani ya gurudumu la mbele, betri ya volti 36 na wati-saa 280 imelazwa chini ya ubao wa kukanyagia, tairi ni za upepo za inchi 8.5, mwendo wa juu ni kilomita 25 kwa saa na mzigo usizidi kilo 100. Baadhi ya matoleo yaliyofuata yana betri kubwa na mota yenye nguvu zaidi, lakini mifupa ni ileile na maradhi ni yaleyale.

Kejeli hazikuanzia kwetu. Segway, chombo cha kusimama cha magurudumu mawili ya ubavu kwa ubavu, ilipoonyeshwa na mvumbuzi wake Dean Kamen huko Marekani Desemba 2001, ilitangazwa kama chombo kitakachobadili miji. Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000 na uzito wake kilo 38 hivi. San Francisco iliifungia njia za waendao kwa miguu kabla watu hawajaizoea, na utengenezaji wake ukakoma 2020. Kampuni yenyewe ilikuwa imeshanunuliwa na Ninebot ya China tangu 2015, na hao Ninebot ndio walioiundia Xiaomi hii M365. Chombo kilichochekwa kilirudi kikiwa kimepungua theluthi mbili ya uzito, bila kompyuta ya kukisimamisha wima, na kwa bei ambayo mfanyakazi wa ofisi anaweza kuifikiria.

Ni ya watoto?

Hapana, na mtoto asipewe. Mota haishiki mpaka uisukume kwa mguu ifike karibu kilomita 5 kwa saa, ndipo eksileta ya kidole gumba ikubali. Huo ni ulinzi mzuri, maana mtu akiigusa kwa bahati mbaya imesimama haitaruka. Ila ikishafika kilomita 25, umesimama juu ya magurudumu yenye kipenyo cha sentimita 22 hivi tu. Gurudumu la baiskeli ya kawaida ya inchi 26 lina sentimita 66. Shimo ambalo baiskeli hulipita kwa mtikisiko, skuta huingia mzima, gurudumu husimama na mpandaji huendelea na safari peke yake. Kofia ya baiskeli si pambo.

Mjini Mombasa hatari kubwa si mashimo ya lami, ambayo huonekana. Ni kabro lililong'oka. Mtaa uliotandikwa kabro vizuri, kama sehemu nyingi za Kizingo na Ganjoni, unapitika kwa raha ukiwa na tairi za upepo; tofali moja likichomoka hubaki shimo la mraba lenye kingo kali, na kivuli cha mwarobaini hulificha. Punguza mwendo hadi 15, piga magoti kidogo, uzito uweke nyuma. Vifuniko vya mitaro vyenye nondo zinazofuata mwelekeo wa barabara usivipite hata kidogo. Mji wa Kale, kuanzia Ndia Kuu na vichochoro vyake, shuka uisukume: mikokoteni, watoto na pembe zisizoona mbele haviachi nafasi ya breki.

Mavazi nayo. Pindo la buibui, dera au kanzu huning'inia sawasawa na diski ya breki ya nyuma, na diski ikilinasa haliachii. Kanzu ipandishwe na ifungwe kiunoni, buibui likusanywe mbele upande wa usukani. Duka linalouza skuta Mombasa bila kumwambia mteja jambo hili halijui linauza kwa nani.

Itafika Mtwapa?

Itafika, kurudi ndiko kwenye mashaka. Kiwanda kinaahidi kilomita 30, lakini ahadi hiyo ni ya mtu wa kilo 75, barabara tambarare na mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Mtu wa kilo 80 anayekwenda kwa kasi ya juu hula wati-saa 13 hadi 15 kwa kila kilomita, na betri ya 280 humpa kilomita 19 hadi 21. Kutoka katikati ya mji hadi Mtwapa ni takriban kilomita 16. Hesabu inafanyika, ila usiifanye juu ya barabara kuu ya Malindi kati ya matatu na malori. Hiki ni chombo cha kisiwani: feri hadi Marikiti, Tudor hadi Moi Avenue, Buxton hadi Kizingo. Daraja la Nyali linapitika kwa wepesi wa mota, mwinuko wake ni mdogo. Kinachosumbua ni upepo wa Kusi unaopiga ubavuni, na usukani mwembamba kama huu huyumba. Shika kwa mikono miwili na usipite karibu na kingo.

Mteremko wa feri ya Likoni ndio kipimo cha kweli. Kiwanda kinasema mota hupanda mwinuko wa asilimia 14. Kwa mtu mzito hupanda, lakini kwa mwendo wa kutembea, na kontrola, bodi inayoongoza umeme wa mota, hupata joto. Kushuka ni hatari zaidi, kwa kuwa sakafu huwa na maji na mchanga, na milango ya chuma ya feri huteleza kama imepakwa sabuni. Isukume. Vilevile jua kwamba betri ikiwa imejaa tele, breki ya mota ya gurudumu la mbele hudhoofika, kwa sababu umeme inaozalisha hauna pa kwenda. Aliyechaji usiku kucha akateremka asubuhi hutegemea diski ya nyuma peke yake.

Ndani ya feri, ikunje. Ikikunjwa ina urefu wa mita moja na ushei na uzito wake ni kama mtungi wa gesi wa kilo 6 uliojaa. Unaweza kuubeba hivyo ngazi mbili tatu. Ghorofa ya nne kila jioni ni adhabu. Na hapa watu wa feri wana haki ya kulalamika: usukani uliokunjwa hutokeza nyuma na kugonga miguu ya wenzako. Isimamishe wima mbele yako.

Bawaba

Skuta hizi hazifi kwa mota. Mota haina brashi wala kitu cha kulika haraka isipokuwa beringi. Zinakufa shingoni. Juni 2019 Xiaomi wenyewe waliita warudishiwe skuta 10,257 za M365, nyingi zikiwa Uingereza, kwa sababu skrubu ya sehemu ya kukunjia iliweza kulegea na mti wa usukani ukavunjika chombo kikiwa mwendoni. Hizo zilikuwa za kundi moja la uzalishaji. Lakini sababu iliyozilegeza ipo kwa kila skuta ya umbo hili: mti wa mita nzima unaovutwa na mikono huzidisha nguvu mara nyingi kwenye kitasa kidogo kule chini, na kila mtikisiko wa kabro ni nyundo ndogo.

Jinsi ya kukagua: shika breki, sukuma usukani mbele na nyuma. Ukisikia "tak" na ukaona mwanya ukifunguka kwenye bawaba, kitasa kimelegea. Kikiwa kimya lakini usukani unacheza, tatizo liko kwenye beringi za shingo, si bawaba. Watu wengi hukaza kisichohusika. Ya bawaba hurekebishwa hivi. Fungua kitasa, safisha mchanga kwa brashi kavu ya mswaki, kaza skrubu za chini ya mti kwa spana ya L robo mzunguko kwa zamu, kisha funga na ujaribu. Kitasa kinatakiwa kufunga kwa nguvu ya kiganja. Kikifunga kwa kidole kimoja bado kimelegea, na kikihitaji kupigwa kimekazwa kupita kiasi na kitapasuka. Skrubu iliyokwisha kulegea mara moja itolewe, isafishwe mafuta, ipakwe gundi ya nyuzi ile ya buluu inayofunguka kwa spana, na iachwe ikauke usiku mzima. Ile nyekundu usitumie, hutaweza kuifungua tena bila kuichoma moto. Ukaguzi huu ni wa kila wiki kwa anayetumia kabro, na huchukua muda mfupi kuliko kununua maji.

Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, usichomelee. Aluminiamu hiyo ikichomelewa na fundi wa mageti hupoteza ugumu pembeni mwa mshono wa kuchomelea na huvunjika hapo hapo kwa mara ya pili. Badilisha kipande chote.

Madigadi ya nyuma nayo hupasuka, kwa kuwa skuta ikikunjwa ndoano ya kengele hujifunga juu yake, na mtu huibeba chombo kizima kwa kuning'iniza uzito kwenye plastiki hiyo. Bebea mti.

Pancha

Hapa ndipo wamiliki wengi hukata tamaa, na karibu kila mara kosa ni upepo mdogo. Tairi hizi zinahitaji psi 45 hadi 50. Zikishuka hadi 30 hazionekani kwa macho kuwa zimelegea, kwa vile ni fupi na ngumu. Lakini ukigonga ukingo wa kabro, tyubu hubanwa kati ya rimu na tofali na kutoboka matundu mawili yanayotazamana. Ukikuta matundu mawili hivyo, usitafute msumari. Ni upepo. Pima kila wiki kwa pampu ya mguu yenye geji, na nunua kiungio kirefu cha valvu, kwani pampu nyingi za vituo vya mafuta haziingii kwenye rimu hiyo ndogo.

Kuziba kwenyewe kunamshinda fundi mzuri wa baiskeli kwa sababu moja: tairi ni ngumu kutoka. Itumbukize gurudumu la nyuma kwenye maji ya moto, si yanayochemka, kwa dakika kumi ili mpira ulainike. Sukuma kingo zote mbili za tairi ziingie katikati ya rimu, ndipo uanze kung'oa upande wa pili wa valvu kwa vyuma viwili. Tyubu mpya ijazwe upepo kidogo kabla ya kuingizwa ili isijikunje. Gurudumu la mbele lisitumbukizwe majini kamwe, lina mota; lifunike kwa taulo lililokamuliwa maji ya moto. Kabla ya kulitoa, chomoa plagi ya waya zake. Fundi akivuta gurudumu waya zikiwa bado zimeunganishwa, waya nyembamba za vitambuzi hukatika ndani ya mhimili, na mota huanza kutetemeka badala ya kuzunguka.

Wauzaji hushauri tairi zisizo na upepo, zile zenye matundu pembeni. Pancha zinaisha, ndiyo. Mtikisiko wote sasa unakwenda kwenye bawaba, skrubu na magoti, na kwenye kabro lililolowa hushika vibaya. Kwa Mombasa hatuzipendekezi mbele. Mwenye kuchoka kabisa aweke moja nyuma tu.

Mvua na chumvi

Mzee wa barazani alikuwa na haki. Skuta hii ina alama ya IP54, kipimo cha kuzuia vumbi na maji, na maana yake ni kwamba vumbi halitaingia la kudhuru na matone yanayoruka hayatapenya. Haizungumzii dimbwi, wala maji ya bomba yenye nguvu. Masika ya Aprili na Mei mitaa kadhaa ya kisiwani hujaa maji hadi juu ya ukingo wa barabara, na betri iko sentimita chache tu kutoka ardhini. Manyunyu, endelea taratibu. Maji yakifika kwenye ubao, shuka.

Sehemu tatu huingiza maji: kifuniko cha mpira cha tundu la chaji, mshono wa bamba la chini ya ubao, na eksileta. Bamba la chini lifunguliwe lingali jipya, lipakwe uzi mwembamba wa silikoni kuzunguka ukingo wote, lifungwe kwa kukaza skrubu kwa msalaba. Plagi za ndani zipakwe grisi ya silikoni. Eksileta iliyoingia maji huweza kubaki juu baada ya kuachiwa. Ikitokea, vuta breki, kwa sababu kitasa cha breki hukata umeme wa mota.

Ila mvua ni ya msimu, chumvi ni ya kila siku. Anayepita Mama Ngina jioni au kuvuka feri hurudi na utando wa chumvi usioonekana. Kesho yake diski ya breki ina rangi ya kahawia. Hiyo si neno, hufutika kwa kufunga breki mara kadhaa. Kebo ya breki huota kutu ndani ya ganda lake na kuanza kuwa nzito kuvuta. Badilisha, ni kebo ya baiskeli ya kawaida na fundi yeyote anayo. Mbaya zaidi ni unga wa kijani kwenye plagi za shaba, unaofanya chombo kizime katikati ya barabara na kuwaka tena ukikigonga. Dawa ni kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kila ukirudi, kisha kitambaa kikavu. Maji ya kisima cha mtaani hayafai, mengi yana chumvi yenyewe.

Na moto?

Hofu hii ina chanzo cha kweli. Julai 2016 mamlaka ya usalama wa bidhaa Marekani ilitangaza kurudishwa kwa hoverbodi, zile mbao za kusimamia za magurudumu mawili zisizo na usukani, zaidi ya 500,000 kwa sababu ya betri zilizopata joto, kuvuta moshi na kuwaka. Betri ya skuta ni ya ukoo huohuo wa lithiamu: seli 30, kumi kwa mfululizo na tatu sambamba, zikisimamiwa na bodi ndogo ya kulinda. Ikijaa ina volti 42. Chaja za volti 54.6, ambazo ni za betri za volti 48, zinaweza kuwa na plagi ileile inayoingia vizuri kabisa kwenye tundu lako. Soma maandishi yaliyo nyuma ya chaja kila unapoazima. Usichaji skuta iliyotoka juani. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45, na ubao mweusi ulioegeshwa mchana Mwembe Tayari hupita hapo bila taabu. Iache kivulini nusu saa. Iliyoingia maji isichajiwe hadi ifunguliwe na kukauka. Na kwa kuwa stima ikikatika hurudi na mshtuko, tumia kinga ya umeme ile wanayowekea friji. Usiiweke mlangoni wakati wa kuchaji. Likitokea la kutokea, mlango ndio njia yako.

Wanaosafiri miezi miwili wasiiache imeisha wala imejaa; nusu ndiyo sawa. Iliyoachwa tupu, bodi yake huendelea kunyonya kidogo kidogo hadi seli zishuke chini ya kiwango, kisha chaja hubaki kijani kana kwamba imejaa. Fundi atakayekuambia "tuiamshe" kwa kuunganisha waya moja kwa moja, mshukuru na uondoke.

Gharama na ununuzi

Kujaza betri hii kutoka ukutani hula kama uniti 0.33. Ukikadiria shilingi 30 kwa uniti ni shilingi 10, yaani chini ya shilingi moja kwa kilomita. Gharama halisi ni betri yenyewe, ambayo baada ya mizunguko 500 hivi ya kuchaji itakuwa imepungua vya kutosha kuonekana. Kwa hiyo bei ipimwe kwa betri. Gawanya bei kwa wati-saa: ya shilingi 45,000 yenye 280 inatoka takriban 160 kwa wati-saa. Linganisha hivyo, utashangaa ipi ni ghali. Lebo ikiandika ampea-saa tu, zidisha kwa volti za betri, hapa 36, upate wati-saa.

Iliyotumika inahitaji jaribio moja la ziada. Ijaze, ipande mlima wowote, tazama nukta nne za betri. Zikishuka mbili ghafla ukiwa unapanda na kurudi ukisimama, kuna seli zimechoka; punguza bei au acha.

Kwa anayeishi na kufanya kazi kisiwani, mwenye chini ya kilo 90 na pa kuiweka ndani, tunaipa alama nzuri. Kwa bodaboda wa kubeba abiria haifai hata kwa mzaha, na kwa mkazi wa Mtwapa au Mikindani ni ya kumalizia safari tu baada ya matatu. Malalamiko ya Paris, ambako Aprili 2023 karibu asilimia 90 ya waliopiga kura walizikataa skuta za kukodi, hayatuhusu sana: kule kero kubwa ilikuwa zinaachwa zikilala njiani, hapa mwenyewe huikunja na kulala nayo chumbani.

Siku ya kununua, chukua pamoja nayo tyubu mbili za inchi 8.5, kiungio cha valvu, pedi za breki na spana za L. Muuzaji asiye na tyubu hizo dukani hatakuwa nazo pia utakapopata pancha.